Ugali wa Moto wa Kwenda Ulaya

Jamani, leo mama kaja kazini kwangu uwanja wa ndege na kapu la ugali wa moto na sato!

Ni wa kaka, anayesoma Ulaya, mji uleule inakotua ndege yetu ya minofu ya sangara.

Ndege inaruka saa sita mchana. Jana rubani, Mzungu mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alimwambia mama anafika "saa nane".

Mama akashangaa. Masaa mawili tu? Mbona meli ya Bukoba inakesha majini!

Leo rubani kamwonyesha namba 8 kwenye saa yake. Kumbe nane yake ni saa mbili usiku!

Mama kafikiri kidogo, kisha kamkabidhi kapu.

"Vizuri, ndio muda wa mwanangu kula. Ila baba, usidokoe njiani."

Masaa manane na harufu ya sato. Nyie mngevumilia?