Jina Lililobaki Jandoni

Mwezi uliopita nilirudi Nandagala kumzika rafiki yangu. Nilikuta wachimba kaburi wanafuta jasho kando ya mikorosho ya bibi, na harufu ya maua yake ikanipiga, ndugu yangu, nikachutama hapohapo kama mtoto. Harufu ile ndiyo iliyoniuguza.

Nilikuwa na miaka tisa mfupa wa mguu ulipoingia usaha. Nililazwa Nachingwea miezi mitatu, nikarudishwa kwa bibi nimekonda kama kijiti cha ufuta. Goti halikunjuki. "Mume wangu," bibi alinitania, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu, "kunywa uji upone, nani atanilimia?" Kisha anageukia ukutani, anajifuta macho kwa ncha ya kanga akidhani simwoni.

Watoto wengine waliniogopa. Huyu niliyekuja kumzika, mtoto wa jirani, hata! Kila akitoka shule alinibeba mgongoni mpaka shambani, akanitua kwenye mkeka, tukashinda huko. Nyuki wanavuma kwenye maua, ufuta uliokatwa umesimamishwa kukauka, tunakula korosho za kuchoma mpaka midomo inakuwa myeusi. Ndiye aliyenifundisha kutembea upya. Anarudi kinyumenyume ameshika mikono yangu, "Haya mzee, moja tena, moja tu." Nalia kwa maumivu, naye analia kwa kunihurumia, halafu tunachekana. Jamani, sijapendwa tena vile.

Likizo ikafika, wavulana wa rika letu wakaingia jandoni. Mimi nikaachwa, bibi alisema kidonda kimoja kinanitosha. Mwezi mzima nilijizoeza peke yangu kule shambani, nikishika shina hili na lile, ili akitoka anikute nimesimama.

Siku ya kutolewa wali, wale wavulana wa jandoni, ngoma ilitikisa kijiji. Nikamwona na shati jipya na miwani ya jua, amebebwa mabegani na mjomba wake chini ya mwavuli. Nikatupa fimbo yangu ya kujikongojea. Nikatembea, wallahi nilitembea, watu wananipisha, huku nikimwita kwa jina lake kwa sauti yangu yote.

Ngoma ikanyamaza. Mjomba akafoka, "Mtoto huna adabu wewe!" Rafiki yangu alinitazama, machozi yakamlenga, akageuza uso upande wa pili.

"Lile jina limebaki kule porini," bibi aliniambia akinishika mkono kunirudisha nyumbani. "Kapewa jipya. Ukimwita la zamani unamtukana." Nilijua. Kwetu nani asiyejua? Furaha ndiyo iliyonisahaulisha.

Tulipatana baadaye, lakini kwa adabu, kama watu wazima. Mwaka uliofuata nami nikaingia jando nikapewa jina hili mnaloniitia. Mgongoni kwake sikupanda tena, na mkeka ule bibi aliuanikia mihogo.

Siku chache kabla ya mazishi, alipokuwa mgonjwa sana, alinipigia simu. Sauti ilikuwa imekwisha. Akaniita kwa jina langu la utotoni, lile lisilotajwa, akasema nisichelewe. Nikamjibu nitakuja nikimaliza kazi zangu.

Nilichelewa.

Bibi alishatangulia zamani, na wazazi wangu pia. Wote walionijua kwa jina lile wameisha. Hakuna tena duniani wa kunitukana vile.