Kinanda Kilichomtoa Mzee Momanyi Ndani

Nyanchera akichuma majani chai kule Itumbe, kikapu hujaa kabla umande haujajua kumekucha. Vidole hivyo hivyo, siku za harusi, huvipeleka kwenye kinanda cha umeme, na hapo kuku husahau kutaga. Anayebisha awaulize kuku.

Jumapili moja aliitwa kijijini Birongo, Gesare akiolewa. Magari yameshapambwa, bwana harusi kalowa jasho, lakini babu yake Gesare, mzee Momanyi, amejifungia ndani. Kasema mjukuu wake hatoki bomani bila obokano, zeze kubwa la Wagusii lenye nyuzi nane na ngurumo ya fahali. Na bila baraka ya babu, Gesare naye alikataa kuinua mguu. Obokano lenyewe, panya walikuwa wamelila ngozi. Mpigaji wake, Anyona, alishakubali kushindwa, akahamia karibu na sufuria ya nyama.

"Nitalipiga mimi," Nyanchera akasema.

"Kwa hicho kinanda cha kanisa?" Manasseh, mwenye spika, akacheka.

"Wewe nipe umeme. Mengine niachie."

Akachagua sauti nzito, akaishusha zaidi kwa kitufe. Pedali akaiweka juu ya sinia isizame matopeni, akaikanyaga kwa mguu mtupu ili kila mlio ukawie. Kidole gumba cha kushoto kikatulia kwenye gurudumu dogo la pembeni, lile la kupinda sauti. Akipiga, analivuta kidogo, mlio unateleza chini kama uzi uliolegezwa.

Mzee akajibu kutoka ndani: "Huyo ni mbuzi mwenye mafua."

Wageni wakacheka. Nyanchera hakununa, alijua kilichokosekana. Sauti ilikuwa safi mno, na obokano si safi, hukwaruza kooni.

"Manasseh, ile spika uliyoficha nyuma ya pikapu iko wapi?"

"Mama, ile imepasuka. Utaniaibisha."

"Hiyo hiyo naitaka."

Waya uliotoka nyuma ya kinanda akauchomoa kwenye spika nzima, akauchomeka kwenye ile mbovu. Akapiga, akavuta gurudumu. Spika ikanguruma hata ndizi za jirani zikaiva upande mmoja, na ng'ombe walioko Nyamira wakageuza vichwa wakidhani fahali wao ameazimwa.

Mlango ukafunguka. Mzee Momanyi akatoka, mabega yakitikisika kabla miguu haijaamua. Akamtafuta Anyona kwa macho, akamwona na mfupa mdomoni. Akamgeukia Nyanchera, akalitazama lile gurudumu, akaufuata waya wa umeme kwa macho mpaka kwenye jenereta ya Manasseh.

"Mnyama huyu anakula nini?"

"Petroli, tata," Nyanchera akamjibu, kama binti amjibuvyo baba.

"Basi mwongezeeni," akasema, akamshika Gesare mkono, wakacheza wote wawili mpaka mlangoni pa gari.