Usimwamshe: Mito Saba ya Baba

Kwa muda wa miezi mitatu, baba yangu alipasua mito saba ya kulalia. Hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya thrash, ule muziki wa metali wa kasi ambao magitaa yake hukata kama msumeno na ngoma zake hukimbia kama zimeona moto, na nyumbani kwetu hapakuwa na kitu kingine ambacho angeweza kukipiga bila kumwamsha Mama. Hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya karafuu nauona ukumbi wa flati yetu ya Thamesmead, London, ghorofa ya tatu: mto juu ya kiti cha kulia chakula, Baba pekupeku mbele yake akijichua vifundo vya mikono, na vumbi jeupe la mto likielea kwenye mwanga wa dirisha. Pigo la kijiti juu ya mto halina mlio wa ngoma. Linatoa sauti nzito, kavu, kama mtu anayekung'uta zulia kwa bidii isiyo ya kawaida. Nilifanyia kazi zangu za shule ndani ya sauti hiyo majira yale yote ya baridi, na nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Baba alitoka Korogwe kuja London kusoma ufundi wa mitambo, kijana asiyemjua mtu, akakutana na vijana watatu wa Kiingereza waliokuwa wakitafuta mpiga ngoma. Mmoja wao, Colin, mpiga gitaa mwenye mikono mirefu na maneno machache, ndiye aliyekuja kuwa rafiki yake wa kudumu. Kila mpiga ngoma huhesabu hadi nne kabla wimbo haujaanza ili wenzake waingie pamoja. Baba alihesabu kwa Kiswahili. Alisema Kiingereza chake wakati huo hakikuwa na mbio za kutosha. Wenzake walicheka, kisha wakazoea, na baada ya mwaka mmoja wao wenyewe hawakuweza kuanza wimbo kwa hesabu nyingine. Kwenye albamu zao za mwanzo, zile zilizowafanya wajulikane hadi Ujerumani, inasikika kabla ya kila wimbo sauti ya kijana wa Korogwe akipaza: moja, mbili, tatu, nne. Mimi nilipopata akili walikuwa watu wazima wenye maumivu ya mgongo. Baba aliendesha basi siku za wiki, na rafiki zangu wa kanisani niliwaambia hilo tu, kwamba baba yangu ni dereva wa basi. Sikudanganya, ila nilinyamaza mapema. Miongoni mwa Watanzania tuliosali nao, fulana ya bendi yenye fuvu la kichwa haikuwa jambo rahisi kulieleza juu ya kikombe cha chai.

Msiba ulikuwa umeingia na albamu waliyoitoa mwaka mmoja kabla ya mito hiyo. Studio waliyorekodia iliwawekea mlio wa saa masikioni, tiki, tiki, tiki, na baadaye fundi wa kompyuta akachukua kila pigo la Baba akalisogeza mahali ambapo mashine ilidhani panastahili. Hesabu ya Kiswahili ikakatwa, kwa sababu mashine haihitaji kuhesabiwa. Albamu ilitoka ikiwa safi kama sahani ya hospitali. Mashabiki waliowafuata tangu ujana wakasema bendi imekufa, na wengi wakasema aliyekufa kwanza ni mpiga ngoma. Baba alisoma maneno hayo mezani, akakunja gazeti, akaenda kuviweka vijiti vyake juu ya kabati la vyombo, karibu na sufuria kubwa ya pilau. Vilikaa hapo mwaka mzima. Nilikuwa na daftari ambalo niliandika mambo ya nyumbani, nani kaja, kasema nini, kaondoka saa ngapi, na katika mwaka huo wote hakuna mahali nilipoandika kwamba Baba aligonga meza kwa vidole, jambo ambalo zamani alilifanya hata wakati wa sala ya chakula.

Kisha, Jumapili moja baada ya Krismasi, Colin akaja na keki. Alikaa kwenye kochi akaisema shida yake bila kuzunguka. Wanataka kutengeneza albamu moja zaidi. Safari hii watapiga wote wanne pamoja katika chumba kimoja, bila saa masikioni, bila kompyuta kugusa kitu. Studio imeshapatikana kwa siku nne wakati wa Pasaka. Ila mtu asiyepiga ngoma mwaka mzima hawezi kubeba nyimbo za namna ile, na yupo kijana mmoja anayeweza. "Nikusubiri wewe au nimwite yeye?" aliuliza kwa Kiingereza, akiiangalia keki. Baba naye akaiangalia keki hadi mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Mama ndiye aliyeinuka, akapanda juu ya kiti, akavishusha vile vijiti na vumbi lake, akavitua mapajani mwa mumewe. "Mimi kelele zenu sizipendi, Baba Rehema, na Mungu anajua," alisema. "Lakini kukaa na mwanamume anayevitazama vijiti kama anatazama kaburi, hilo nalichukia zaidi. Jibu mgeni." Baba akajibu kwamba atapiga yeye, na akishindwa kupiga wimbo hata mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ataziuza ngoma zake na hatagusa nyingine.

Ngoma zenyewe zilikuwa kwenye chumba cha kukodi Woolwich, ambacho walikipata Jumamosi tu. Siku nyingine Baba alifanya mazoezi nyumbani alasiri akitoka kwenye basi, na hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu Mama alifanya zamu za usiku hospitalini na kulala mchana hadi jioni. Mlango wa chumba chao ulikuwa na karatasi niliyoiandika mimi kwa kalamu nyekundu: USIMWAMSHE. Colin aliiona siku ile ya keki akauliza maana yake. Nilipomwambia, alilirudia neno hilo taratibu, akalivunja vipande vipande, akaomba nimwandikie nyuma ya tiketi yake ya treni.

Mito ilinunuliwa kwa Mzee Kassam, Mhindi wa Tanga aliyekuwa na duka la mashuka na mablanketi karibu na soko la Woolwich. Mto wa kwanza ulidumu wiki mbili. Wa pili ulipasuka siku ya tisa. Tulipokwenda kutafuta wa nne, Mzee Kassam alivua miwani akamtazama Baba, akanitazama mimi, akarudi kwa Baba.

"Bwana, huko kwako mnalala watu wangapi?"

"Watatu, mzee."

"Watatu! Na vichwa je, mnavyo vingapi?"

Baba alimweleza kweli yote, na mzee akacheka hadi akashika meza. Tangu siku hiyo alituwekea pembeni mito ambayo mishono yake ilikuwa na kasoro, na kila tukiingia aliuliza habari za wagonjwa. "Marehemu wa juzi mmemzika wapi?" alisema, huku akifunga mwingine kwenye mfuko. Kwake ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza mtu akilisema jambo la Baba kwa sauti kubwa mbele ya wateja, tena kwa fahari: "Huyu bwana anapiga ngoma na Waingereza, mnamjua? Wa Korogwe huyu!" Nilitazama chini. Lakini nakumbuka kwamba nilipotoka dukani ni mimi niliyeubeba ule mfuko.

Wa sita ulipasuka Jumapili, wiki moja kabla ya studio, na duka lilikuwa limefungwa. Baba alisimama katikati ya ukumbi na ganda la mto mkononi. Mlango wa chumba ukafunguka, Mama akatoka na kitenge begani, macho yamevimba usingizi, ameushika mto wake mwenyewe. Ulikuwa mto wa sufi ambao Bibi alimletea kutoka Korogwe nilipozaliwa, na hapakuwa na mtu mwingine aliyeruhusiwa kuulalia. "Chukua," alisema. "Lakini ukishindwa huko, huu usirudi nao." Wiki ile alilalia vitenge vilivyokunjwa. Na mto ule ulikuwa mwalimu mkali. Sponji ya mito ya dukani humrudishia mpigaji kijiti chake kidogo, lakini sufi hukimeza. Kila pigo Baba alilazimika kukivuta kijiti juu kwa nguvu zake mwenyewe. Siku ya tatu mishipa ya mikono yake ilisimama kama kamba, na ilipofika Ijumaa sikuweza tena kuyahesabu mapigo kwa jicho. Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda Woolwich, kitambaa kilifunguka kwa urefu wote, na sufi ikajaa chumba hadi kwenye nyusi zake. Hakuacha. Alimalizia wimbo juu ya kiti kitupu.

Studio ilikuwa chini ya matao ya daraja la reli, na kwa kuwa shule ilifungwa, alinichukua. Nilikaa na daftari langu upande wa pili wa kioo, kando ya injinia wa sauti, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri bila maajabu. Siku ya tatu walifika kwenye wimbo mgumu kuliko yote, ule ambao Colin aliutungia maneno kuhusu mwanamke anayelala mchana ilhali dunia inapiga kelele, na jina lake likawa lile lile la Kiswahili, Usimwamshe. Kwenye mazoezi ulikwenda dakika tano kamili, nilikuwa nimeupima mwenyewe. Baba akavuta pumzi akahesabu, moja, mbili, tatu, nne, na kioo kikaanza kutetemeka. Sijui niueleze vipi muziki ule kwa mtu asiyeupenda, maana mimi mwenyewe hadi dakika hiyo sikuupenda. Naweza kusema nilichokiona. Niliona vijiti vikirudi juu kabla Baba hajavivuta, kana kwamba ngozi ya ngoma, baada ya miezi yote ile ya mito, ilikuwa inamrushia zawadi. Niliona uso wake ukishangaa. Kisha nikamwona Colin akigeuka kumtazama, akitabasamu kama mvulana, na mahali fulani baada ya ubeti wa pili wimbo wote ukaanza kukimbia. Ulipoisha niliangalia saa: sekunde ishirini na moja zilikuwa zimepotea.

Ukazuka ugomvi. Kila mmoja alimsingizia mwenzake. "Umenisukuma!" alisema Colin. "Nani? Wewe ndiye umenivuta kama mbuzi!" alijibu Baba, kwa Kiswahili, na Colin akaelewa. Injinia akabonyeza kitufe cha kuongea nao, akasema wasiwe na wasiwasi, nusu saa ya kompyuta inatosha kuunyoosha. Nilimwona Baba akiviweka vijiti chini. Alikuwa ameahidi kupiga mwanzo hadi mwisho, na sasa hata yeye hakujua kama wimbo unaokimbia unahesabiwa kuwa umepigwa. Colin akaomba wausikilize kwanza. Wakaja wote wanne upande wetu, wakasimama wakinuka jasho na karafuu, wakausikiliza hadi mwisho wakiangalia sakafu. Halafu Colin akamwambia injinia, kwa upole kabisa, kwamba akigusa hata pigo moja yeye anachukua gitaa lake anakwenda nyumbani. Baba alinitazama mimi, mtoto mwenye saa. "Unasemaje, mama?" Nilimjibu kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto wa huku, kwamba wimbo usiguswe.

Albamu ilipotoka, watu waliokuwa wameizika bendi walikuja kuifukua kwa mikono yao. Waliizindua Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja wa Kilburn, na Mama alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na gauni lake la kitenge na kilemba, Mzee Kassam pembeni yake amevaa suti. Tulizungukwa na wanaume wenye ndevu nyeupe na fulana nyeusi. Baba alipoinua vijiti kuanza Usimwamshe hakupata nafasi ya kufungua mdomo: ukumbi mzima, Waingereza watupu, ulihesabu kabla yake. Moja! Mbili! Tatu! Nne! Mzee Kassam aliziba masikio akicheka. Mama hakuziba. Jumapili iliyofuata niliwaambia rafiki zangu wa kanisani kazi nyingine ya baba yangu, na nilianza na fuvu la kichwa.

Leo Baba amestaafu kuendesha basi, na yeye na Mama wana nyumba yenye gereji ambamo ngoma zake zimekaa, anaweza kupiga mchana kutwa. Mama halali tena mchana. Duka la Mzee Kassam, Mungu amrehemu, sasa linauza simu. Ninafanya kazi inayonitaka nihakikishe mambo kabla ya kuyaandika, na kwa ajili ya ukurasa huu niliusikiliza tena wimbo ule nikiwa na saa. Mbio zinaanza baada ya ubeti wa pili, mahali ambapo ngoma na gitaa ziko peke yake. Nikawapigia simu Baba na Colin kuuliza nani alianza. Siku ile studio kila mmoja aliapa kuwa ni mwenzake. Sasa Baba ameniambia ni yeye, mto wa Mama ndio uliomharakisha. Colin ameniambia ni yeye, na Baba asijidanganye. Nimeirudisha sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ngoma na gitaa zinaondoka pamoja, na sikio langu halitambui nani ametangulia.