Mlango wa Stesheni ya Pruett

Mji wetu wa Pruett ulizaliwa na reli, kisha reli ikautelekeza. Treni za mizigo bado zinapita, ila hazipunguzi hata mwendo. Tumebaki watu mia nne, makanisa matano na kinu cha pamba kilichoota kutu. Sasa, miaka sabini na mitano baada ya stesheni kubomolewa, kamati ikazinduka na kutaka kuweka bamba la kumbukumbu pale mlango wake ulipokuwa.

Wakamwendea jirani yangu, Bi Arvella Tolliver, mwenye miaka themanini na mbili. Baba yake alitengeneza hiyo reli, na yeye alipanda treni hapo na mama yake kabla hajajua kusoma.

"Mlango ulitazama kinu," akajibu bila kusita.

Bwana Krause, mwenyekiti wa kamati, akakohoa na kutoa picha ya zamani. Mlango ulikuwa mmoja, mpana, na ulitazama benki.

"Hiyo si stesheni yetu."

"Ndiyo yenyewe, mama. Jina hilo hapo juu."

Binti wa Bi Arvella, Charlene, alikuwa amekuja kutoka Houston na fomu za nyumba ya wazee kwenye mkoba. Mwezi uliopita mama yake alisahau jiko likiwaka. Sasa akanitazama kama anayesema, unaona mwenyewe?

Sikuona kitu. Nilivurugika kichwa. Bi Arvella ndiye anayetukumbusha nani kamzaa nani mji mzima, na wala hajawahi kukosea. Lakini picha nayo ilikuwa picha. Nikamkasirikia Krause, nikamkasirikia Charlene, nikaikasirikia na hiyo picha.

Kibaya zaidi, Bi Arvella mwenyewe alianza kujitilia shaka. Kesho yake alinishika mkono uani.

"Mwanangu, mume wangu Wesley tulimzika hapa au Beaumont?"

"Hapa, Bi Arvella. Nilikuwepo."

"Una hakika?"

Jioni akaniuliza tena swali lile lile. Nikaona tukikaa kimya, tutammaliza wenyewe. Nikamwambia Charlene, "Kabla hujasaini lolote, washa gari."

Tukampeleka Bi Arvella kwa Bwana Hutchens, mzungu wa miaka tisini na tano, aliyekuwa karani wa tiketi hapo stesheni ujanani. Tulimkuta barazani akimenya njugu za pekani. Anasikia kwa shida, ila akili zake kali.

"Bwana Hutchens," Bi Arvella akapaza sauti, "mlango wa stesheni ulikuwa upande gani?"

"Upi?"

"Wa stesheni!"

"Nimesikia. Nauliza upi, maana ilikuwa miwili." Akaweka kisu chini. "Wa benki ulikuwa wetu sisi wazungu. Wenu nyie weusi ulikuwa kwa nyuma, upande wa kinu, na kidirisha chake cha tiketi. Nilikuwa nawauzia nyie wakishakwisha wetu."

Mimi nimezaliwa baada ya mambo hayo ya kutenga weusi na wazungu kisheria, lakini nimeyasikia tangu utotoni, na bado hayakunijia akilini hata mara moja. Nilijionea aibu.

"Niliuona ule mwingine," Bi Arvella akasema polepole. "Nikamuuliza mama. Akaniambia ule ni wa mizigo."

Bwana Hutchens akainamisha kichwa.

"Duka la dawa nilijua. Shule nilijua, sinema nilijua. Kote nilijua mlango wangu upi. Hapo stesheni tu ndipo nilipokuwa mtoto kama watoto wengine. Nilivaa soksi nyeupe, mama kanishika mkono, tunapita mlango wa mbele."

Charlene alizitoa fomu akazichana vipande viwili, kisha vinne, huku analia na kucheka.

"Mama, hukukosea! Akili zako unazo zote!"

"Ninazo," Bi Arvella akasema. "Ila kwa leo tu, heri ningekuwa sina."