Chupa ya Mezani kwa Bi Lebo

Mtunza maabara wa shule ile alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini wanafunzi walishalisahau zamani wakampa la Bi Lebo, na siku nyingine hata mwalimu mkuu lilimponyoka. Alilistahili. Kila chupa kwenye makabati yake ilikuwa na karatasi iliyoandikwa jina la dawa na ukali wake. Nyumbani hata kopo la chumvi lilikuwa na lebo, kana kwamba binti yake, aliyeishi naye wawili tu, asingeijua chumvi.

Sakafuni mwa maabara alipaka mstari mwekundu. Ng'ambo ya mstari ni dawa. Upande wa mlangoni ni meza yake, na juu ya meza chupa yake ya maji ya kunywa. Mwalimu mmoja alipoleta spiriti ndani ya chupa ya soda, Bi Lebo alimrudisha mlangoni mbele ya darasa zima.

"Humu chupa ya maji ni ya maji," alimwambia. "Ukitaka kutuua, mwalimu, nenda katuulie kwingine."

Watoto walicheka mpaka mbavu zikawauma, na mwalimu wa watu akatoka na chupa yake amenywea. Lakini maneno yale yaliwaingia. Shule nzima ilijua kwamba kwa Bi Lebo huwezi kukosea.

Asubuhi ile, akiandaa somo la vitendo, aliona chupa ya kioo yenye tindikali imepata ufa na jasho la dawa linatoka chini. Chupa nyingine zote alikuwa ndiyo kwanza amezisuuza, bado zinachuruzika. Kwenda stoo ni mbali. Akauvuka mstari wake mwenyewe: akachukua chupa ya mezani, akamalizia funda la maji lililobaki, akamimina tindikali humo taratibu, na glovu mkononi na miwani usoni. Dakika chache tu, alijiambia, mpaka zile zikauke. Akaandika lebo akaibandika. Plastiki ilikuwa na majimaji, naye hakuisugua gundi ishike kama anavyowahubiria wenzake kila siku.

Hapo akaitwa ofisini. Mwalimu mkuu hapendi kusubirishwa, na Bi Lebo akavua glovu huku anatembea. Mkono wake ukaichukua ile chupa ukairudisha ulikozoea kuirudisha, juu ya meza ya mlangoni. Kichwa hakikuwepo. Mlango aliurudishia tu bila kufunga, maana binti yake huja mapumziko kuweka begi lake la michezo.

Aliporudi, begi lilikuwepo. Lebo ilikuwa sakafuni, uso juu, mwandiko wake mzuri: TINDIKALI. Meza ilikuwa tupu.

Alisimama akiisoma kama barua ya msiba. Halafu alitoka mbio, miwani ya kinga ingali usoni, hajali viatu wala heshima. Uwanjani wasichana walikuwa wanapumzika baada ya mbio, kila mmoja na chupa yake, zote zinafanana.

"Mwageni! Msinywe! Mwageni yote!"

Wakacheka. Walidhani Bi Lebo amekuja kuwabandika lebo na wao. Akazipiga chupa mikononi mwao moja moja, maji yakaruka kwenye majani, yakabaki kuwa maji tu. Ndipo binti yake alipotokea nyuma ya kundi, midomo mizima, sauti nzima.

"Mama, una nini leo?"

Alimkumbatia mbele ya wote, akalia bila aibu. Mwanawe mzima! Kwa pumzi moja au mbili Bi Lebo alikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote pale shuleni.

"Chupa yangu ya mezani, mwanangu. Umeiona?"

"Nimempa Shangazi. Nimemkuta anapiga deki koridoni, anasema koo limemkauka."

Shangazi alikuwa mfanya usafi, shangazi wa shule nzima, na ndiye aliyekula na Bi Lebo chakula cha mchana miaka yote ile, wakisutana na kuchekana. Bi Lebo alimwachia mtoto. Binti akauona uso wa mama yake, na wake ukabadilika.

"Si ilikuwa mezani kwako, mama? Si unasema chupa ya maji ni ya maji?"

Koridoni ndoo ilikuwa imepinduka. Shangazi alikuwa ameketi ameegemea ukuta, mikono yote miwili mdomoni, macho yamemtoka, na chupa imelala pembeni, tindikali iliyomwagika inaing'atang'ata saruji kwa povu jembamba. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba atapishwe. "Hapana! Msimtapishe, itamuunguza mara ya pili!" Bi Lebo alimsukutua kwa maji safi, polepole, akiyafanya yote aliyowafundisha wengine, bila kukosea hata moja. Shangazi alimtazama muda wote. Alitaka kusema kitu, sauti haikutoka.

Hospitalini daktari aliuliza ni kitu gani. Bi Lebo alimtajia jina la dawa na ukali wake. Daktari akauliza nani aliyeiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa.

"Mimi," alisema Bi Lebo.

Waliambiwa koo limeungua, wasubiri, hakuna wa kuahidi lolote. Jioni mama na binti walirudi nyumbani. Mtoto hakuwa amekula wala kunywa tangu mchana. Bi Lebo akachota maji mtungini, akamletea kwenye glasi.

Binti aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kama siku zote. Akaiinua, akainusa kwanza.