Watoro wa Msaragambo Kwenye Flashi Moja

Bamkubwa wangu aliimba, alicheza, alipiga filimbi, aliigiza sauti ya mbuzi aliyekabwa na ya mwenyekiti wa kijiji anayesoma mapato. Harusi ambayo hakuiongoza yeye watu waliiona kama haijafungwa sawasawa. Alishuka hadi mashamba ya mkonge kuwachekesha vibarua waliotoka mikoa ya mbali, akaenda Kihurio wakati wa mavuno ya mpunga. Lakini nyimbo zilizompa jina alizitungia kijijini kwetu, huko juu ukishaiacha Maore, siku za msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, mfereji unazibuliwa, na kazi ikiisha watu wanakula makande pamoja. Bamkubwa jembe hakulishika sana. Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya tuta na kuwaimba waliotoroka. Aliyejificha kwenye mahindi aliimbwa. Aliyesingizia kafiwa na shangazi aliimbwa huku shangazi mwenyewe, mzima wa afya, akicheza mbele. Majina hakuyataja. Alitaja rangi ya bati, mwendo na namna mtu anavyokohoa, na kijiji kizima kikajua ni nani.

Mwaka huu niliamua kuzikusanya zote. Nina kibanda Same, karibu na stendi, nawaingizia watu nyimbo kwenye simu na flashi, na niliona haya kuuza sauti za kila mtu isipokuwa ya mzee wetu. Masikio yameanza kumtupa. Alinikabidhi mfuko wa kanda, nyingine zimeota ukungu, akasema anataka kuzisikia zote mfululizo angali anasikia. Nikazisafisha, nikazipanga kwa umri wake, kuanzia kijana anayevuta pumzi moja kwa ubeti mzima hadi mzee anayepumzika katikati ya neno.

Habari ilipopanda mlimani, mambo yakachacha. Aibu za wazazi zilizokuwa zimetawanyika miaka na miaka sasa zingekaa mahali pamoja, na vijana wa bodaboda wangezipiga kutwa. Familia moja ilikuwa na mtoto anayewania udiwani. Nyingine ilikuwa na mzee wa kanisa, aliyeimbwa akiwa juu ya mparachichi wakati wenzake wako mferejini. Walimwendea bamkubwa, naye akawajibu kwamba waliotaka wimbo mwingine wangekuja kuchimba. Basi wakanifuata mimi kibandani na jogoo, nifute kimyakimya. Jogoo nilimpokea, kwa kuwa hawakusubiri kusikia kama nimekubali.

Walipoona hakuna kilichofutwa, wakaja na hila nzuri. Wimbo uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa mwanamume ambaye mgongo ulimuuma siku ya msaragambo tu. Yeye ameshafariki, lakini mjane wake yupo, na tangu amzike mumewe hajakanyaga tena mahali bamkubwa anapoimba. Sote tulidhani tunajua sababu. Wakamwomba bibi huyo aende kukataza.

Bamkubwa alitangaza mbele za watu kwamba bibi huyo, shemeji yake, akikataa, hatatoa hata wimbo mmoja, na mfuko wote wa kanda atautupa mferejini. Mimi nikaogopa kweli. Mpare akishatamka neno hadharani, atalifia hata kama limeshaanza kumuumiza mwenyewe.

Nilipanda na kompyuta yangu hadi kwa bamkubwa, tukamngoja bibi. Alifika mchana, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akala makande bila haraka. Bamkubwa, mtu wa sauti zote zile, siku hiyo alikuwa akikwaruza goti lake na kuangalia mlango. Hatimaye bibi akafuta mdomo, akasema anataka kuusikia huo wimbo kwanza.

Nikauwasha. Majembe yanagonga mawe, bamkubwa anaimba mgongo unaojua kalenda, watu wanaitikia. Kisha, karibu na mwisho, kelele inazuka kwa sababu mwenye mgongo wake ametokea, saa ya chakula, na anapita mbele ya redio kaseti iliyokuwa ikirekodi, akiuliza kwa sauti ya furaha: "Mgongo umepona. Sahani ziko wapi?" Halafu anacheka, kicheko kirefu cha mtu asiye na aibu hata kidogo.

Bibi alisogea karibu na kompyuta. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Akaniambia tena.

Bamkubwa akashindwa kuvumilia. Alimwambia kwamba kama wimbo unamuumiza tutauacha, na kama anamkumbuka marehemu, yeye anaweza kumwigizia sauti ile wakati wowote, anaiweza vizuri.

"Sauti yako naijua, shemeji," bibi alisema. "Nilikuwa sisogei unapoimba kwa sababu ulikuwa unamwiga, na hufanani naye. Picha yake ninayo moja, amenuna kama kalazimishwa. Sauti sikuwa nayo." Akanigeukia. "Usifute kitu. Wale walionituma waambie mume wangu alikuwa mvivu hata nyumbani, na bado ninamtaka."

Bamkubwa aliinama akalia, na mimi nikalia, na bibi akatuangalia kama tunampotezea muda. Akatoa simu yake ya vitufe kwenye kanga, akauliza kama kale kakipande ka mumewe kanaweza kuwa mlio wa simu mtu akimpigia. Nikamwambia kanaweza.

Jumapili nilikuwa bado huko huko, nimekaa benchi la nyuma ya bibi kanisani. Katikati ya sala simu ikaita, na marehemu akawauliza waumini wote sahani ziko wapi. Watu waligeuka. Bibi aliiacha iite mpaka marehemu alipomaliza kucheka, ndipo akaizima.