Sahihi Aliyokuja Nayo Banki

Nilimzaa binti yangu nikiwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo watu wakituona njiani wanadhani ni mdogo wangu. Hata mama wa dirishani, kule banki, alidhani hivyo.

"Muzazi iko wapi?"

"Minyi njo muzazi," nilisema, nikijigusa kifua.

"Na baba?"

"Alikufa. Andika alikufa, tuendelee."

Hasira nilitoka nayo nyumbani. Baba wa binti yangu alifanya kazi ya reli. Siku kilio chake kilipoisha, ndugu zake walibeba kitanda, redio, baiskeli, mpaka sufuria, bukari, yaani ugali, ingali ya moto ndani. Walinipa karatasi ya kukubali kwamba vyote ni vyao, nami niliyemaliza sekondari nikatia sahihi bila kusoma. Sasa binti, likizo mbili akiuza samaki wakavu wa Kinkondja, alikuwa amekusanya franga za kuanzia shule ya wauguzi. Jana yake baba yake mkubwa alikuja, akakaa bila kukaribishwa.

"Mutoto ni wa kwetu. Hizo franga tutamuchungia."

Nilimwonyesha mlango. Asubuhi tukaenda banki.

Mama wa dirishani alitueleza konti mbili, yaani akaunti. Ya kwanza inafungwa mpaka mtoto afike miaka kumi na nane, na mzazi peke yake ndiye anayetia sahihi. Ya pili ina sahihi mbili, ya mzazi na ya mtoto, na hakuna anayetoa kitu bila mwenzake.

"Ya kufunga," nilisema kabla hajamaliza.

"Mama, na minyi?" binti aliuliza.

"Weye nini? Weye uko mutoto. Baba yako mukubwa atakuja na maneno ya sukari, utasinye karatasi yake."

"Sitasinye."

"Ata minyi nilikuwa nasema vile."

Mama wa dirishani alimsukumia binti karatasi tupu. "Tuone kwanza kama iko na sahihi. Inapashwa kufanana kila mara."

Binti aliinama. Aliandika kwa mkupuo mmoja jina la ukoo, ambalo ni la baba yake, na mwishoni akazungusha mkia ukarudi mpaka chini ya herufi ya kwanza. Mkia ule niliujua. Ilikuwa sahihi ya baba yake, kabisa.

Damu ilinipanda. Nilidhani ndugu za baba yake wamemfundisha, kwamba wametutangulia hapa dirishani.

"Nani alikufundisha hii? Ni shangazi yako? Sema!"

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Mama, mupole, hapa ni banki, haiko soko."

"Baba, chunga foleni yako."

Binti alifungua daftari lake la biolojia, akatoa karatasi ya mshahara wa mwisho wa baba yake, iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imepauka. Chini ilikuwa na sahihi, na ule mkia.

"Siku banabeba bintu, niliificha mu soksi," alisema polepole. "Nikimukumbuka, nafwata mukono yake na kalamu ya bic."

Alikuwa na miaka minane siku ile. Sisi wakubwa wote tulikaa tukitazama wanavyobeba. Yeye peke yake ndiye aliyewanyang'anya kitu, na miaka saba yote hakuniambia, kwa sababu anajua ninavyofoka nikisikia habari za ukoo ule. Nililia pale pale, na nilikasirika kwamba ninalia mbele ya yule mzee.

"Sahihi mbili," nilimwambia mama wa dirishani.

"Na ya mutoto njo hii?"

"Njo yake."

Alinipa fomu. Nilishika kalamu, nikatafuta tu mahali pa kutia sahihi, na binti akaniwekea kiganja juu ya karatasi.

"Mama, soma kwanza."

Nilisoma yote, kwa sauti, mstari kwa mstari, mzee akiguna nyuma yangu. Binti aliondoa kiganja, akatia sahihi yake, nami nikatia yangu chini ya ile yenye mkia.